Sorry Zote za Kaunta

…au niandike I do apologise, hapana, hiyo ni ya maji ya moto, ndiyo hiyo hiyo ninayomwambia sasa hivi huyu mgeni aliyesimama mbele yangu na taulo shingoni, I do apologise, sir, mdomo unajisemea wenyewe, mimi mwenyewe sipo, macho yangu yako chini ya kaunta, kwenye rafu tunapoficha vikombe vyetu vya chai, simu nimeilaza pale ikiwa wazi, kile kimstari cha kuandikia kinawaka kinazima, kinawaka kinazima, na juu yake jina la mkwe wangu, mke wa mwanangu, yuko huko ng'ambo ananisubiri, au hanisubiri, ndilo ninaloliogopa, kwamba hasubiri tena neno lolote kutoka kwangu, na mgeni anasema I'm afraid, anasema kwa upole kabisa, I'm afraid there's no hot water, bomba la chumbani kwake linatoa maji ya baridi tangu alfajiri, na mimi ndiye niliyewafundisha wasichana wote wa kaunta hii kwamba mgeni akisema I'm afraid haogopi kitu, jamani, anakupa habari mbaya kwa adabu tu, kuna mmoja aliwahi kumjibu mgeni, usiogope, mimi nipo, tukacheka mpaka mpishi akatoka jikoni kuuliza kuna nini… mkwe wangu hakusema I'm afraid, angesema ningeelewa, ningekaa chini, ningeshika kitu, lakini aliandika mkato, Mama, he passed this morning, I can't talk now, I'm so sorry, basi, maneno hayajai kiganja, na mimi mwalimu wa Kiingereza cha kaunta, mimi wa kusifiwa na meneja mbele za watu, nikasoma passed nikaelewa kapasi, kafaulu, mwanangu kafaulu mtihani… yes, sir, I understand, sir, naomba uvumilie kidogo, fundi anaitwa, namwambia kwa Kiingereza chake kirefu kirefu, kwa sababu ndivyo ninavyofundisha, sentensi ikirefuka adabu inapanda, usiseme wait, sema would you mind waiting, na ukitaka kumpandisha mtu darini kabisa mwambie would you mind waiting for just a moment, sir, anatulia, anasubiri hata saa nzima, maneno mengi ni mto laini unamkalisha mtu, nilikuwa naamini hivyo, na passed away ni ndefu kuliko died kwa hiyo ina adabu zaidi, nimeifundisha hiyo kwa mdomo wangu, mgeni akifiwa humwambii your father died, unasema passed away, lakini nani alijua wao huko wanaikata, wanaitupa away, wanabaki na passed peke yake kama ya kwenye cheti cha shule, hilo away moja tu lingeniokoa, kineno cha herufi nne.

Na ilikuwa wiki ya mtihani, jamani, nani asingeelewa vile, mwanangu tulimwita Dereva tangu mdogo kwa sababu alikuwa anaendesha mifuniko ya sufuria, vruu vruu chini ya meza, na alipokwenda huko akaoa binti wa huko asiyejua Kiswahili, akaamua kutafuta leseni ya basi kubwa, akaanguka mtihani mara ya kwanza, akaanguka mara ya pili, mimi nikawa namtania kwenye simu, Dereva wa kiti cha abiria hujambo, na yeye anacheka, cheka tu Mama, safari hii nikipasi nakupandisha basi zima peke yako, kiti cha mbele, halafu nauli utalipa kama wengine… usiku ule simu yangu ilizima chaji, nilikuwa nimelala, asubuhi naiwasha nakuta mkwe amepiga, amepiga tena, na chini yake huo ujumbe, nikasema ona huyu binti wa watu alivyo na furaha, kanitafuta usiku mzima aniambie, na ile I'm so sorry nikaielewa samahani, samahani Mama siwezi kuongea sasa hivi, nikasema bila shaka wako kwenye sherehe, kelele zimezidi, kumbe… ninajua nilichojibu, sina haja ya kukisoma, lakini kipo hapo juu ya kimstari kinachowaka, kimekaa na vile vipicha vya simu, kimwanamke cha nguo nyekundu anayecheza, na maputo, mimi na maputo yangu, Congratulations, herufi kubwa, halafu At last, ndiyo, At last, hatimaye, niliandika hatimaye, halafu God has answered my prayers, Mungu kajibu maombi yangu, halafu, ili nisionekane namsahau, Well done to you also, hongera na wewe pia, kazi nzuri… Mungu wangu, alikuwa amekaa korido ya hospitali, moyo wa mumewe umesimama ghafla hivi hivi, mtu mzima wa afya yake, na mama mkwe anamwambia kazi nzuri.

I beg your pardon, sir? anasema kuna kikao saa tatu, hawezi kwenda na sabuni kichwani, kweli kichwa kina povu nyuma ya sikio, maskini, na mimi ninatikisa kichwa kwa huruma niliyoisomea… nimekuja kazini kwa nini, wote wameniuliza, meneja kaniambia rudi nyumbani mama, mpishi kanishika mikono yote miwili, nimewaambia nyumbani kumejaa watu, na si uongo, sebule imejaa, dada yangu mkubwa kakaa mlangoni anawapokea, kila anayeingia ni pole, pole mama, pole na msiba, pole sana, lakini sikukimbia watu, nimekifuata Kiingereza changu, Kiingereza changu kinakaa hapa hapa kaunta, nikivua hii skafu ya kazi nacho kinabaki kimening'inia mlangoni, nyumbani nilijaribu jana kutwa nzima nimejifungia chooni na simu, sikupata hata mstari, dada anagonga, mdogo wangu fungua, unafanya nini humo, ninatunga, dada, unatunga nini, natunga samahani, akasema mwandikie tu huyo mtoto wa watu kwamba ulikosea, kukosea ni kwa wote, loh, dada yangu kwake kila kitu ni kusema tu, nikamwambia sawa, niambie wewe, unataka niandike sorry ipi, akasema kwani ziko ngapi.

Ziko nyingi, dada, nami ninazo zote, ndiyo taabu yenyewe, ninayo sorry kavu ya kupishana na mtu koridoni, ninayo sorry about that ya kalamu isiyoandika, I'm terribly sorry hiyo naitunzia masanduku yaliyopotea na chakula kilichochelewa mpaka mtu amesinzia mezani, na We sincerely apologise for any inconvenience ni ile ya karatasi inayobandikwa kwenye lifti, zote za kaunta, hakuna hata moja niliyowahi kuisema moyo ukiwa ndani yake, asubuhi hii nimeandika I am sorry for, simu yenyewe, hata kabla sijafikiri, ikaniletea the inconvenience, imenizoea mwenzangu, inajua nikishasema sorry kinachofuata ni usumbufu, nikafuta, nikaandika sorry for your loss, ile ya kwenye kadi, nikaitazama, loss, kwenye hesabu za hoteli loss ni hasara, nimwambie pole kwa hasara yako, tena your, yako wewe, kana kwamba ni wake peke yake, kana kwamba mimi ni benki inamtumia kadi, na mimi je, mimi niliyembeba… nikafuta, nikaandika there has been a misunderstanding, hiyo tunamwambia mgeni aliyeandikiwa bia za jirani, nikafuta, maana sisi tuna pole na tuna samahani, mtu akijikwaa unamwambia pole hata kama jiwe hukuliweka wewe, ukimkanyaga unamwambia samahani, mtoto anayeota meno hachanganyi, lakini wao wameyatia yote mawili kwenye sufuria moja wakaita sorry, na mimi nina mambo mawili ya kumwambia, nataka kumwambia pole mwanangu umefiwa na mume, na nataka kumwambia samahani nimekutia kisu, nikiandika I'm sorry atachukua ipi, atachukua ile ya kupishana koridoni, aseme aa, huyu naye, baada ya maputo yote yale.

Na siwezi kungoja, Mrefu kasema mazishi ni leo, Mrefu rafiki yake mwanangu, walikwenda pamoja wakakaa mtaa mmoja, yeye ndiye aliyepiga asubuhi ile, nilikuwa hapa hapa nilipo, nimeshawanunulia soda kaunta nzima, mpishi anacheza na mwiko, Dereva kapasi, Dereva kapasi, hata meneja kanywa, simu ikaita nikaipokea kwa vigelegele, Mrefu akasema shikamoo Mama, nikasema marahaba baba, umesikia lakini, kapasi! akasema Mama pole, nikamwambia pole ya nini wewe, sema hongera, akasema Mama, hapo uko na nani… hapo uko na nani, basi hapo nikajua, maana hilo halina ngazi wala adabu, mtu akikuuliza uko na nani anatafuta wa kukudaka, chupa ya soda nilikuwa nimeishika, nikaiweka mezani taratibu kabisa isimwagike… jana kapiga tena, sauti imemkauka, Mama, shemeji hataki kusema na mtu, ananiuliza jambo moja tu, hivi mama yake Dereva alikuwa anamchukia mwanawe, nikamwambia Mrefu baba mweleze, akasema nimejaribu Mama, lakini nikieleza mimi anaona nakutetea, anasema yule mama anafundisha Kiingereza, anajua maana, mwandikie mwenyewe, kesho wanazika, watu wa mbali wataangalia kwa simu na anayefungua hiyo simu ni yeye, asipokufungulia Mama hutaona, na mjukuu je, nikamwuliza, yule kibibi kidogo, anayeniita Biibi kwa kuvuta, anayenionyesha viatu vyake kimoja kimoja kwenye kioo cha simu, Mrefu akasema Mama, mwandikie tu, maana yake anajua, na mimi ninajua, nisipoandika sasa hivi, leo hii watamzika mwanangu na mimi nimefungiwa nje, na mlango ukishafungwa hivyo yule mtoto atakua akiambiwa bibi yako alicheza baba yako alipo… alipotutoka, alipofariki, alipoaga, ona, hata sisi tuna ngazi zetu, watu wote waliojaa sebuleni tangu juzi, hakuna aliyelitaja lile neno lenyewe, ni hatunaye, ni ametangulia, ni mwenzetu kapumzika, neno lenyewe ni la kuku na la betri, na mimi pia sijalitaja, silitaji.

Anauliza kitu, mgeni, anauliza mara ya pili pengine, kaegemea kaunta, have you got another one, anasema, chumba, anataka chumba kingine, chenye maji, ni swali dogo, nimelijibu maelfu kwa maelfu, jibu lake liko tayari mdomoni, I'm afraid we're fully booked, lakini nilikuwa chini kule kwenye viatu vya mjukuu, na mdomo haukuningoja, umesema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya kazini, no, sir, I only had one… had. Nimesikia nilichosema. Had, ya zamani, ya kilichokwisha, sikusema have, wasichana wangu wakichanganya have na had nawagongea meza, na mimi mdomo wangu haukuchanganya, ulichagua, ulikuwa unajua siku zote hizi, nilikuwa naye mmoja tu… I'm sorry? anasema mgeni, sauti inapanda mwishoni, hiyo ni ya kutosikia, ya naomba rudia, naijua, naifundisha, nikainua uso nimrudie, na sijui ameona nini usoni pangu, maana sikulia, nadhani sikulia, taulo ameliteremsha kutoka shingoni, amelishika kwa mikono miwili, halafu amesema tena, maneno yale yale, I'm sorry, lakini safari hii sauti haikupanda, imeshuka, imeshuka mpaka chini kabisa ikatulia, na mimi nimeisikia, jamani, hiyo haikuwa samahani, mtu huyu hajanikosea kitu, kapewa maji ya baridi na povu sikioni, hiyo ilikuwa pole, kumbe wanayo, miaka yote hii wanayo, ila hawakuitia kwenye neno, wameitia kwenye sauti, ukiipandisha hukusikia, ukiishusha umefika kwa mwenzako, na karatasini sauti haina pa kukaa… karatasini, kwenye simu… naitazama simu, napandisha juu, naupita ule upuuzi wangu wa maputo, naufikia ujumbe wake, Mama, he passed this morning, I can't talk now, I'm so sorry, na nausoma kwa kushusha, pole pole, nausoma kama huyu mgeni alivyosema, I'm so sorry, na hakuna samahani pale, hakuwa ananiomba radhi kwa kushindwa kuongea, hapana, alikuwa ananiambia pole sana Mama, mume wake bado hajapoa, mtoto mikononi, na wa kwanza kumkumbuka ni mimi, wa kwanza kupewa pole katika msiba huu ni mimi, na aliyenipa ni yeye, nikamjibu hongera.

Basi nini kinanizuia, sasa najua sorry ipo, najua ni ipi, andika mwanamke, mkono uko hapa, kimstari kinawaka… na mkono hauendi, na sasa naona kwa nini hauendi, nisijidanganye, si sorry niliyokuwa natafuta siku zote hizi, sorry ningeandika yoyote, ningeandika hata ile ya lifti, ninachokikataa ni kinachopaswa kuja kabla yake, maana nikitaka aelewe nilivyokosea lazima nimwambie nilidhani nini na kumbe ni nini, na hilo kumbe, mimi ndiye wa kuliandika, na sasa hivi katika simu hii la mwisho nililoliandika ni kwamba mwanangu kafaulu, pale juu bado ni asubuhi ile, soda zimefunguliwa, mpishi ana mwiko, Dereva yuko mahali fulani ameketi nyuma ya usukani wa basi refu, mgongo umenyooka, anacheka, na mimi saa ile nilikuwa mama mwenye furaha kuliko wote, saa nzima, saa nzima baada ya yeye kuondoka nilikuwa bado naye, hakuna mama aliyepewa saa kama hiyo, na nimekuwa nikiilinda, nafuta, naandika, nafuta, nasema nachagua maneno ya adabu, kumbe namlinda asifikiwe, nimemwacha yule binti peke yake na msiba huko, wa watu wawili, kaubeba peke yake, ili mimi nibaki kwenye soda zangu… one moment, sir, namwambia, si would you mind, si just a moment, one moment, naye anatikisa kichwa, anangoja, na vidole vinagoma kwenye D ya lile neno, halafu vinaandika, bila please, bila dear, Kiingereza kifupi cha mtoto wa darasa la kwanza, I thought exam, nilidhani mtihani, I did not know, sikujua, halafu peke yake, mstari wake, He died, na simu hainiletei neno lolote la kufuatia, haikuzoea, I'm sorry, naandika, sijui ataisoma kwa sauti ipi, aisome zote mbili, nabonyeza, imekwenda, imetokea chini ya maputo, imeyasukuma juu, kapanda nayo yule wa nguo nyekundu, ikapanda At last, vikapotea kwenye kioo, imebaki hiyo tu, na mwanangu amekufa, nimesema, amekufa Dereva wangu, hajapasi kitu, na mgeni wa watu bado amesimama hapa na taulo lake, anasubiri maji ya moto.